Posa ya Mgiriki wa Chiungutwa

Pwaa!

Sauti hiyo Ladislaus anaisikia mpaka leo, hasa akiwa karibu kulala. Ni sauti ya kifuniko cha mbao kilichokuwa kwenye dirisha la kupitishia chakula, kati ya jiko na bwalo, katika seminari moja ndogo upande wa Masasi. Huko ndiko alikopika tangu ujana wake mpaka ndevu zilipoota mvi. Kamba ya kifuniko kile ilikuwa imechoka. Ukikiinua, kilikaa juu kwa muda wa kupitisha sufuria la wali na sufuria la maharage, halafu kikajiangukia chenyewe. Mpishi alibaki upande wake na moshi wake, na wanafunzi wakabaki upande wao na maneno yao.

Na maneno yao yalikuwa ya Wagiriki. Vijana wale walisoma falsafa asubuhi, na mchana waliila pamoja na ugali. Ladislaus akiinua kifuniko alimkuta mmoja ameshika kijiko hewani, anasema, "Basi Sokrati akamwuliza yule jemadari, wewe uliyepigana vita vyote hivi, hebu tuambie, ushujaa ni nini? Jemadari akacheka, akajibu..."

Pwaa!

Jemadari alijibu nini, Ladislaus hakupata kusikia. Kesho yake mazungumzo yalikuwa yameshahamia kwenye urafiki, na keshokutwa kwenye haki. Kila siku alipata mwanzo mtamu na kila siku mbao ilimkatia mwisho. Angeweza kumwuliza mwanafunzi yeyote kwenye ua, lakini alikuwa na haya, na kwa kweli hakujua kwamba miisho ipo. Aliamini kwa moyo wake wote kwamba Wagiriki walikuwa watu wa kuulizana swali gumu, kisha wote wakaenda kula. Aliona ni utaratibu mzuri wa maisha.

Kwa hiyo alipostaafu alirudi kwao Chiungutwa na godoro, kisu chake cha jikoni, na shehena ya maswali yasiyo na jibu hata moja. Haikupita miezi mingi watu wakampa jina. Mwanzoni walimwita Mzee Mgiriki, baadaye Mgiriki tu, na wenye hasira walimwita Yule.

Wenye hasira walikuwa na sababu zao. Jirani yake Hamudi alipita mbio siku moja nyuma ya mtu aliyebeba ndoo ya korosho zake. Ladislaus akamnyooshea mwiko.

"Hamudi, ngoja kwanza! Unamfukuza kwa sababu ni mwizi, au ni mwizi kwa sababu unamfukuza?"

Hamudi ni mtu anayependa kutoa jibu la heshima. Alisimama, akashika kiuno, akatazama mawingu. Alipokuja kupata jibu, nalo lilikuwa jibu zuri sana, mwizi alikuwa ameshafika barabarani, amepanda bodaboda, na amemlipa dereva kwa korosho.

Mara nyingine Ladislaus alikumbuka habari ya Mgiriki mwingine, yule wa kulala ndani ya mtungi, aliyezunguka sokoni mchana kweupe na taa mkononi akitafuta mtu. Alichukua tochi yake, akapanda gari mpaka gulioni Lisekese, akaiwasha saa sita ya mchana, akaanza kuwamulika watu usoni.

"Umepoteza nini, mzee?" akauliza muuza nyanya.

"Natafuta mtu."

"Mtu gani?"

"Mtu hasa."

"Amevaaje?"

Hapo Ladislaus alikwama, maana kifuniko kilianguka kabla Mgiriki hajaulizwa swali kama hilo. Watu wa Lisekese ni wakarimu. Waligawana njia, wengine wakapita upande wa mitumba, wengine upande wa dagaa, wakamtafutia mtu wake mpaka jua lilipopinda. Walimletea wanne. Ladislaus aliwamulika kila mmoja, akawashukuru, akarudi nyumbani akiwa na huzuni kidogo, kwa sababu wote walikuwa watu wazuri tu na hakujua kwa nini awakatae.

Msimfikirie vibaya. Hakuwa mtu wa majivuno. Akikuuliza swali, aliinamisha kichwa kama kuku anayesikiliza ardhi, na macho yake yakawa na njaa ya kweli ya jibu lako. Tatizo lake ni kwamba hakuweza kusema jambo asilolijua. Ukimwuliza, "Mvua itanyesha?" alisema, "Sijui." Ukimwuliza, "Umelalaje?" alifikiri. Wale vijana wa seminari walikuwa wamesema, na hili alilisikia vizuri kwa kuwa kamba ya kifuniko ilikuwa imenasa siku hiyo, kwamba mtu anayedai kujua asichokijua anajidanganya yeye mwenyewe kabla ya kumdanganya mwenzake. Maneno hayo yalimwingia kama chumvi kwenye mchuzi, na chumvi ikishaingia huwezi kuitoa.

Sasa, Ladislaus ana mdogo wake mmoja wa kike, Yuster, na Yuster ana mtoto mmoja wa kiume, Alfredi. Alfredi ni fundi wa baiskeli na pikipiki pale Chiungutwa, kijana mwenye mikono myeusi kwa grisi na sauti ya upole. Aliletewa baiskeli yenye gurudumu lililopinda na binti kutoka Mkunya, juu huko Newala, aliyekuwa amekuja kumtembelea shangazi yake. Binti anaitwa Yasinta. Alfredi alilinyoosha gurudumu, halafu, kwa maelezo yake mwenyewe, akasahau kukaza nati moja. Binti akarudi. Akasahau nyingine. Baiskeli ile ilikuwa karibu kubaki mifupa ndipo Yasinta aliposema, "Fundi, kama una neno, liseme. Mimi sitaki kwenda kwetu kwa miguu."

Wakaelewana. Ikabaki posa.

Na kwa watu wa huku, mtoto huhesabiwa upande wa mama, na mjomba ndiye anayebeba neno la posa. Baba anaweza kuwa hai, mzima, amevaa koti zuri, lakini ataketi pembeni na kutikisa kichwa. Alfredi hakuwa na mjomba mwingine hapa duniani isipokuwa Mgiriki.

Yuster alikuja kwa kaka yake asubuhi na mapema, akapiga magoti kwenye vumbi.

"Inuka, Mama Alfredi. Kwa nini unapiga magoti?"

"Naomba, kaka yangu. Mjomba wa yule binti ni Mzee Kulwa. Unamsikia?"

Nani asiyemsikia Mzee Kulwa wa Mkunya? Yeye ndiye anayeamua kesi za mipaka, za mbuzi, na za wanandoa wanaorushiana vyombo. Kwa maelezo ya watu wa Mkunya, hakuna jambo ambalo halijui, na kwa maelezo yake mwenyewe ni hivyo hivyo.

"Amesema akisikia neno la ovyo kutoka kwetu," Yuster akaendelea, "binti atakwenda kwa yule bwana mwenye duka la bati pale Newala. Wiki ijayo naye analeta posa. Alfredi hali, kaka. Jana amefunga mnyororo wa pikipiki kwenye baiskeli."

Ladislaus akashtuka. Alimpenda kijana yule.

"Nifanye nini?"

"Huko utasema maneno matatu tu. Ndiyo, hapana, na tunashukuru. Wakiuliza tumefuata nini, utasema tumeona ua kwenye boma hili. Basi."

"Na wakiniuliza jambo nisilolijua?"

"Utasema ndiyo."

"Lakini Mama Alfredi, je..."

"Kaka! Hilo lilikuwa linakwenda kuwa swali."

Akafunga mdomo. Akaapa. Yuster alimwapisha kwa marehemu mama yao, na kwa tahadhari akamwapisha tena kwa kisu chake cha jikoni.

Walipanda Jumamosi kwa kirikuu cha kukodi, kigari kidogo cha mizigo, Ladislaus mbele na dereva, Yuster, Alfredi na wazee wawili wa ukoo nyuma na mkeka. Njiani, pale barabara inapoanza kuukwea uwanda wa juu wa Newala, gurudumu likatoboka. Dereva akalaani, wazee wakalalamika. Ladislaus alishuka, akatazama bonde lilivyolala chini yao na mikorosho yake, akakumbuka fundisho.

"Kuna mambo yaliyo mikononi mwetu," alisema kwa utulivu, "na kuna mambo yasiyo mikononi mwetu."

"Spana iko mikononi mwako, mjomba," Alfredi akasema kutoka chini ya gari. "Naiomba."

Mzee Kulwa aliwapokea uani, amevaa kanzu ya kahawia na kofia ya sufu licha ya jua. Ambrosi, baba yake Yasinta, aliketi nyuma yake kwenye kigoda, ametulia kama mtu aliyekuja kwenye posa ya watu wengine. Yuster aliingizwa jikoni kwa wanawake, ambako alitawala Bibi Anjelina, mama yake Kulwa na bibi yake Yasinta. Kati ya jiko na ua palikuwa na ukuta wa udongo wenye kidirisha kidogo, na kidirisha kile kilijaa masikio.

"Karibuni, watu wa bondeni," akasema Mzee Kulwa. "Watu wa maji mengi na akili chache."

Huo ulikuwa utani wa kukaribisha, na Ladislaus alipaswa kurudisha utani. Alikumbuka kiapo.

"Tunashukuru," akasema.

Mzee Kulwa akamtazama vizuri zaidi. "Mmesafiri salama?"

"Ndiyo."

"Mmechoka?"

"Hapana."

"Mnywe maji kidogo. Huku kwetu maji yanapandishwa mlima kwa gari, kwa hiyo mkinywa mkumbuke dereva."

"Tunashukuru."

Mzee Kulwa akamgeukia Ambrosi, akasema kwa matamshi ya kwao, ambayo mjomba ni njomba. "Unamwona njomba huyu? Huyu ni mtu mzito. Hamwagi maneno kama wajomba wa siku hizi." Jikoni, Yuster alishika mkono wa mwanamke aliyekuwa karibu naye, asiyemjua hata jina, akaukaza kwa furaha.

"Haya," akasema Mzee Kulwa. "Mmefuata nini?"

"Tumeona ua kwenye boma hili."

"Maua ni mengi hapa. Mmeliona lipi?"

Yuster alikuwa hajafundisha hapo. Ladislaus alimtazama Alfredi, Alfredi akatazama ardhi. "Linaloendesha baiskeli," akasema Ladislaus, na wazee wakacheka sana, kwa kuwa walidhani ni utani. Mambo yalikuwa yananyooka. Mzee Kulwa alijifuta macho, akaketi vizuri, akauliza swali ambalo kila mjomba aliyewahi kupokea posa ameuliza, na kila mjomba aliyeleta posa amelijibu kabla halijaisha.

"Sawa. Niambie sasa, njomba. Huyu kijana wenu ni mtu mwema?"

Ndiyo. Neno lenyewe ni fupi, na Ladislaus alilifikisha mpaka nyuma ya meno. Hapo likakwama. Alimjua Alfredi tangu alipokuwa anatambaa. Alijua anapenda kisamvu cha karanga, alijua anakoroma, alijua anaogopa jongoo. Lakini mwema? Mwema ni nini? Akisema ndiyo, atakuwa amedai kujua. Wazee wakasubiri. Kuku mmoja alipita katikati ya mkeka, akasimama, naye akasubiri.

"Mzee Kulwa," Ladislaus akasema, "nisamehe. Mwema maana yake nini?"

Jikoni kitu kilianguka. Alikuwa Yuster.

"Unaniuliza mimi?" Mzee Kulwa akanyanyua kidevu. "Uani kwangu?"

"Nakuuliza kwa kuwa wanasema wewe unajua kila kitu. Mimi sijui."

Angekuwa mtu mwingine, angekunja mkeka na kuwafukuza. Lakini tangu azaliwe Mzee Kulwa hajawahi kuacha swali lipite mbele yake bila kulirukia.

"Ni rahisi!" akasema. "Mtu mwema ni yule anayewatii wakubwa."

"Mkubwa akimtuma akaibe?"

"Asiende!"

"Basi hatakuwa ametii. Atakuwa mbaya?"

Mzee Kulwa akakuna kofia. "Acha hilo. Mtu mwema ni anayefanya kazi bila kuchoka."

"Nyumbani kwangu kuna mchwa," Ladislaus akasema kwa unyenyekevu. "Wanafanya kazi mpaka Jumapili. Wameshamaliza mlango."

Mzee mmoja wa Mkunya akacheka, Mzee Kulwa akamkata jicho. "Mtu mwema ni asiyelewa! Hapo utasema nini?"

"Hapo nitasema mbuzi ni mtu mwema, maana halewi."

"Nani amekwambia?" Mzee Kulwa akasimama. "Mbuzi wangu analewa! Msimu wa mabibo ya mikorosho anakula yaliyoanguka yakachacha, analewa mpaka anajigonga kwenye ukuta huu hapa!"

"Basi mbuzi wako ni mbaya?"

Mbuzi mwenyewe, beberu mweupe aliyefungwa karibu na tangi la maji ya mvua, aliacha kutafuna. Watu wote wa Mkunya wanajua jinsi Mzee Kulwa anavyompenda mbuzi yule. Amemkatalia mnunuzi, amemkatalia padre wakati wa Pasaka.

"Mbuzi wangu," Mzee Kulwa akasema polepole, "ni mbuzi mwema kabisa."

"Ingawa analewa?"

"Analewa kwa adabu!"

Kuanzia hapo posa ilipotea njia. Mzee mmoja akasema ulevi wa adabu haupo. Mwingine akasema upo, yeye mwenyewe anao. Majirani waliokuwa wanapita na majembe wakaingia kuuliza ni kesi ya nani, wakaambiwa ni ya mbuzi, wakaketi. Mzee Kulwa akasema mtu mwema ni anayempa jirani maji wakati wa kiangazi, na Ladislaus akauliza je, kama jirani ndiye aliyemwibia ndoo. Watu wawili pale wakatazamana kwa namna iliyoonyesha kuna ndoo kweli. Hata Ambrosi alifumbua mdomo, akasema kwa maoni yake mtu mwema ni yule anayeachwa aongee kwenye posa ya mtoto wake. Wakamwambia asubiri zamu.

Ladislaus alikuwa amesahau kiapo, amemsahau Yuster, amesahau hata alikuja kufanya nini. Uso wake uling'aa kama sufuria jipya. Huku ndiko kulikokuwa upande wa pili wa dirisha! Hakuna mbao iliyoanguka. Aliuliza, wakajibu, akauliza tena, wakajibu tena wakiwa wamesimama. Kisha akageuka kumwuliza Alfredi maoni yake, akamwona.

Alfredi alikuwa ameketi pembeni ya mkeka, mikono imebanwa katikati ya magoti. Alikuwa ameiosha kwa mafuta ya taa, kwa sabuni, kwa mchanga, mpaka ngozi imekuwa nyekundu, ili wazee wa Mkunya wasione grisi. Hakuna aliyeitazama. Hakuwa anasikiliza habari za mbuzi. Alikuwa anakitazama kile kidirisha kidogo cha jikoni, na midomo yake ilikuwa inacheza kama ya mtu anayeaga.

Furaha yote ikamtoka Ladislaus.

Na hapo hapo Bibi Anjelina akatoka jikoni. Ni mwanamke mfupi, aliyepinda kidogo, na alikuja na mwiko wa ugali mkononi.

"Shikamoo, mama," wakasema wazee kwa pamoja.

"Marahaba. Chakula kinapoa." Akamgeukia Ladislaus. "Wewe ndiye mpishi?"

"Ndiyo, mama."

"Wewe ndiye mjomba wa huyu mtoto?"

"Ndiyo."

"Sikiliza. Mjukuu wangu yuko humo ndani analia kwenye kitunguu, na kitunguu tulikimaliza zamani. Mimi sitaki kujua mwema ni nini. Niambie jambo moja juu ya kijana huyu. Moja, ambalo unalijua kwa macho yako, na mwishoni lisiwe na swali. Ukishindwa, kunja mkeka wako, kamwambie mwenye bati aje."

Ladislaus akainamisha kichwa. Alitafuta ndani yake kama mtu anayetafuta kiberiti gizani. Jambo moja alilokuwa nalo, lenye uhakika, alilipata upesi. Tabu ni kwamba Alfredi alikuwa amemwomba asimwambie mtu yeyote, kamwe, maana pale gereji wangemcheka mpaka azeeke.

"Mjomba," Alfredi akanong'ona, kwa kuwa alikuwa ameshahisi. "Hilo hapana."

"Mwaka jana wakati wa mvua," Ladislaus akaanza, "huyu mama yake aliungua mkono. Nikaenda kumtazama. Sikubisha hodi, hilo ni kosa langu. Nikamkuta huyu kijana nyuma ya nyumba, amechuchumaa, anaosha vyombo."

Wazee wakaguna. Mmoja akasema, "Mwanaume?" Alfredi akaficha uso ndani ya viganja vyake vyekundu.

"Mimi nimekuwa mpishi maisha yangu yote," Ladislaus akaendelea. "Nimewaona watu wengi wakiosha sufuria. Wanaosha ndani, kwa sababu ndani ndimo chakula kinamokaa. Huyu alikuwa amelipindua, anasugua matako ya sufuria kwa majivu. Hakuna aliyemwambia. Hakuna aliyekuwa anamwona. Alikuwa anaimba."

"Matako ya sufuria!" ikasikika sauti ya mwanamke kutoka kidirishani.

"Na maji?" akauliza Mzee Kulwa kwa ukali, maana ni mtu wa Mkunya. "Ninyi wa bondeni mnamwaga maji kama mmeyazaa. Huyu akioa na kuja kuishi ukweni huku, tangi langu si atalikausha kwa usafi wake?"

"Alisuuza vyote kwa kikombe kimoja. Maji yaliyobaki akamwagia mpapai."

Kwanza haikuwa sauti. Ilikuwa kama pumzi ya watu wengi inavutwa pamoja. Kisha jikoni pakapasuka vigelegele, cha kwanza, cha pili, na cha tatu kilichokuwa kikubwa kuliko vyote, nacho, baadaye ilijulikana, kilikuwa cha Yasinta mwenyewe, jambo ambalo bibi harusi mtarajiwa hapaswi kulifanya. Mwanamke mmoja alitokeza kichwa mlangoni kuwaangalia wanaume wa Mkunya mmoja mmoja, polepole, na mumewe akaanza kutafuta kofia yake.

"Nimesikia," akasema Bibi Anjelina. "Leteni chakula."

"Mama, mwenye neno la mwisho ni mimi," akasema Mzee Kulwa.

"Sema basi, mwanangu, wakati tunapakua."

Chakula kikaja. Ugali wa muhogo, kisamvu, na jogoo mzima kwenye bakuli la udongo, juu yake firigisi, moja, imekaa peke yake kama kiongozi. Uani kwa Mzee Kulwa firigisi ni ya Mzee Kulwa. Haijapata kwenda kwa mgeni yeyote, isipokuwa siku alipomwoza dada yake, na kila aliyekuwa pale alijua. Ikibaki upande wake, wageni watashiba, watashukuru, watashuka mlima. Ikivuka kwenda kwenye bakuli la mjomba wa pili, binti ametolewa.

Mzee Kulwa aliiokota kwa vidole viwili. Aliipeleka karibu na mdomo wake. Jikoni vigelegele vikakatika. Kisha mkono ukasimama hewani, na machoni mwake ukaonekana ule mng'ao wa mtu aliyeshindwa mara moja na sasa amepata nafasi ya kulipiza.

"Njomba," akasema. "Mchana mzima umeniuliza. Sasa na mimi nikuulize. Firigisi ni moja na wajomba tuko wawili. Haki ni nini?"

Lilikuwa swali zuri. Lilikuwa, kwa kweli, lile lile alilolisikia pale dirishani seminari mara nyingi zaidi kuliko yote, na Ladislaus alikuwa na maswali ya kutosha ya kulijibia mpaka Jumatatu. Aliona jinsi yalivyokuwa yanajipanga. Yuster alikuwa amesimama mlangoni, mkono mdomoni. Mchuzi ulidondoka kutoka kwenye vidole vya Mzee Kulwa, tone, juu ya mkeka.

Ladislaus akasogeza bakuli lake mbele kidogo.

"Niwekee mimi," akasema, kwa sauti ndogo hata Mzee Kulwa ikambidi ainame ili aisikie.